Hapana ya Kwanza

Renatus mwanangu,

Salamu sikuandikii, kwa sababu uko hapo nyuma ya ukuta na ninakusikia ukipuliza makaa ya pasi. Shati hilo ulilipiga pasi jana. Ukiendelea hivyo litafika Nairobi limebaki kola tu.

Mimi nimekaa huku kibandani, kwenye meza ya wateja. Sufuria nimeshaosha, madereva wa jioni wamekula wameondoka, na baba yako yuko mlangoni anapukuchua mahindi. Giza limeanza kuingia lakini yeye halimhusu. Ameniuliza ninaandika nini, nikamwambia ni mahesabu ya unga. Ona sasa, barua haijafika popote nami nimeshadanganya.

Habari za soksi, sabuni na kupiga simu ukifika umezisikia wiki nzima, leo nakuacha upumue. Nilikaa hapa nikuandikie mambo ya mji mkubwa wa ugenini, maana katika ukoo wetu huu ni mimi na baba yako tu tuliowahi kufika Nairobi. Nilidhani yatanijia mepesi: shika hiki, epuka kile. Lakini kila nikianza jambo moja la Nairobi linanipeleka kwenye kosa langu, na kosa hilo hulijui. Kwa hiyo nivumilie. Na nianze na la leo, nisije nikapata mwanya wa kulikwepa.

Leo mchana, ulipokuwa kwa kinyozi, Mama Njeri alipiga simu. Mume wake Njoroge unamfahamu tangu mdogo, anavyosimamisha lori lake hapa Benaco kila akipeleka mzigo Kigali, anavyokula ndizi zangu na kudai kwao wanapika vizuri zaidi huku anaongeza sahani. Ndiye aliyekutafutia nafasi katika chuo cha ufundi wa magari makubwa. Mkewe ndiye utakayefikia kwake. Sasa mama wa watu akaniuliza, kwa lafudhi yao ile ya haraka, "Mama Renatus, huyo kijana akifika, nije nimchukue steji?" Stendi wao wanaiita steji.

Nikamjibu, "Aa, usijisumbue mama, wewe una kazi zako. Ni mtu mzima huyo, atafika tu."

Halafu nikanyamaza, simu sikioni, nasubiri. Unajua nilichokuwa nasubiri, kwa sababu nilikulea hivyohivyo. Nilisubiri aseme, hapana Mama Renatus, lazima nije. Hapo ningesema, basi mama, kama haikusumbui. Angesema haimsumbui hata kidogo, tungecheka, na mambo yangekuwa yamekwisha vizuri.

Akasema, "Sawa basi, hakuna shida. Atanipigia akikaribia." Akakata.

Kwa hiyo keshokutwa utashuka Nairobi kwa mara ya kwanza katika maisha yako, na hakutakuwa na mtu aliyesimama kukusubiri. Nimekufanyia mimi, mama yako mzazi. Na jioni hii umeniambia mbele ya chakula, "Mama usiwe na wasiwasi, Mama Njeri atakuwepo." Nilikuongezea mboga.

Nimekaa na simu hiyo tangu mchana. Kumpigia tena na kumwambia kwamba lile nililolisema silo nililolitaka, naona aibu. Mtu atasema mama huyu hana msimamo, au ni mwombaji. Ndiyo maana nimechukua kalamu kwanza. Labda nikikueleza wewe nitapata nguvu ya kumweleza yeye.

Wewe unazijua desturi zetu. Mtu akikukaribisha chakula unasema umeshiba, hata kama tumbo linanguruma mpaka yeye analisikia. Anakusihi. Unasema, labda baadaye. Anakusihi tena, anakuvuta mkono, anasema atakasirika. Ndipo unakaa, unasema kidogo tu, na unakula ukamaliza. Hapana ya kwanza kwetu ni kama kubisha hodi, hakuna anayedhani kwamba anayebisha hodi anataka kubaki nje. Mwenyeji anajua, mgeni anajua, na chakula kilikuwa kimeshapikwa cha wote.

Ulipokuwa na miaka kama minne hivi tulikwenda kwa jirani, akakunyooshea muhogo wa kuchemsha. Ukaudaka. Hukusema nimeshiba, hukusema chochote, uliudaka kama kuku, ukaanza kutafuna. Jirani alicheka. Mimi nilitabasamu, na tulipofika nyumbani nikakufinya sikio mpaka ukalia, nikakuambia watu watafikiri sikulishi. Wiki iliyofuata yule jirani alikupa ndizi mbivu, ukaficha mikono nyuma, ukamwambia umeshiba, macho yako yakiwa kwenye ile ndizi. Nilijivuna siku hiyo. Nilimsimulia baba yako nikasema mtoto ameiva.

Na hadithi ya Bibi yako mzaa baba umeisikia mara nyingi kutoka kwangu. Mwaka ule wakimbizi walipojaa hapa Benaco, vilima vyote vikageuka maturubai, mama mmoja alifika mlangoni kwake na mtoto mgongoni, midomo imempasuka. Bibi akamletea bakuli la uji. Yule mama akasema asante, ameshakunywa. Bibi akamsihi. Akasema ameshakunywa. Mara ya tatu akapokea kwa mikono miwili, akanywa, akampa mtoto, akaramba na kidole. Bibi alikuwa akimalizia kwa kusema, "Mnaona? Njaa imemmaliza lakini adabu haijamtoka." Nami nilikufundisha hadithi hiyo kana kwamba ni katekisimu. Siku hizi ikinijia ninawaza jingine kabisa. Ninawaza, je, kama Bibi angekuwa mtu wa kuuliza mara moja?

Sasa nikupeleke Nairobi.

Ulikuwa darasa la tatu. Tulikuacha Kaniha kwa wazazi wangu, tukakuambia baba anakwenda kupimwa miwani. Ukweli ni kwamba ile wanayoiita presha ya macho ilikuwa imeshachukua jicho lake la kushoto, na tulikuwa tunapigania la kulia. Mwanza walituambia twende Dar au twende Nairobi, na kwamba tusikawie. Nairobi ilikuwa karibu zaidi, na Njoroge alituelekeza hospitali. Tulivuka Busisi kwa kivuko, wewe utapita juu ya daraja kama mfalme. Baba yako alisimama kwenye kingo za kivuko akiangalia maji kwa lile jicho lake moja, akaniambia nimwambie kama naona mamba. Sikujua kwamba ningetamani aangalie zaidi.

Mji ule ulituonyesha tulivyo washamba siku ya kwanza tu. Tulipata nyumba ya wageni katika mtaa ambao majengo yake yote yalifanana. Nikajiambia, Dativa, weka alama. Nikaona bango kubwa juu ya jengo la pili, mwanamke mweupe wa meno ameshika sabuni. Nikasema hapa sipotei. Tukaenda kununua chakula, tukarudi, mwanamke wa sabuni hayupo. Pale pale wamebandika bango la simu. Tulizunguka mtaa huo mpaka baba yako akaanza kunicheka, akasema alama unaweka kwenye kitu kinachohama? Kwetu tunasema pita kanisani, pinda kwenye mwarobaini, na kanisa haliondoki usiku. Wewe shika jina la jengo na jina la barabara, uyaandike na kwenye karatasi, maana simu inaweza kuzimika au kupata mwenyewe mwingine. Iweke mfuko wa ndani. Usiitoe ukiwa umesimama ukingoni mwa barabara.

Na salamu punguza. Nasema hivi mimi niliyekufundisha kumwamkia kila mtu mpaka mwendawazimu wa sokoni. Asubuhi ya pili nilimpita mzee wa heshima, ana koti na fimbo, nikapiga magoti kidogo, nikasema, "Shikamoo baba." Alisimama, akanitazama, akaingiza mkono mfukoni akanipa sarafu. Alidhani naomba. Nilibaki nimezishika, sijui nizirudishe au nishukuru, na baba yako alicheka mpaka akaketi kwenye ukuta wa watu. Watu wa kule hawana kiburi, usije ukawachukia. Wana haraka, na wamezoea kwamba anayekusimamisha ana shida yake. Basi ukiwa na shida, hiyo ndiyo njia: simama, sema shida yako moja kwa moja. Sema natafuta mahali fulani. Watakuelekeza vizuri, wengine watakupeleka. Muulize askari wa mlangoni kwenye duka au benki, au mama anayeuza kitu, kwa kuwa hao hawaondoki mahali pao. Yule anayekuja kwako mwenyewe anakimbia, anashika begi lako kabla ya kusema jina lake, huyo mkatalie. Hapana zako zote nilizokufundisha zitumie kwake.

Hotelini nilimwambia kijana anayehudumia, "Naomba chai, kama ipo." Akaniuliza, "Mama, unaomba ama unanunua?" Wenzake wakacheka, si kwa ubaya. Mwanamke wa meza ya pili akaniambia, "Wewe sema nipatie chai, yaishe." Nilijaribu. Mwanangu, lile neno lilikataa kutoka. Nilisema naomba unipatie, kama haikusumbui. Na hapo ndipo ningejifunza, kama ningekuwa na masikio. Mji mzima ulikuwa unaniambia kitu kimoja siku hiyo nzima, tangu barabarani mpaka kwenye chai, nami nikakichukulia kuwa kichekesho cha kuja kuwasimulia nyumbani.

Kesho yake tukaenda hospitali. Walimpima, wakatupa siku ya kufanyiwa upasuaji, wiki iliyofuata. Tulikuwa bado tumekaa kwenye benchi la korido, watu wengi, tunapanga jinsi ya kukaa mjini wiki nzima. Muuguzi akatoka na kutuita. Akasema, "Kuna mgonjwa wa leo hajatokea. Daktari anaweza kumchukua mzee leo hii. Mnataka, ama mngoje siku yenu?"

Karibu yangu alikuwa amekaa mama na mtoto aliyefungwa bandeji. Upande wa pili mzee wa watu anasinzia. Wengine wote walitutazama. Nikaona aibu kusimama mbele yao na kuchukua, kama wewe na ule muhogo. Nikasema, "Hapana sista, wapeni hao wengine. Sisi tunaweza kungoja, tusiwasumbue."

Na nikasubiri anisihi.

Akasema sawa. Akasoma jina jingine, kijana mmoja akainuka, akaingia. Hakusema usisumbuke wewe dada, akaruka kama amepigwa na umeme, na alikuwa na haki. Baba yako alikuwa ameshika mkono wangu. Akaniambia kwa Kihangaza, taratibu, "Umejibu vizuri."

Hukuwahi kuambiwa haya. Wewe uliambiwa madaktari walishindwa.

Niliendelea kukaa pale. Nilikuwa na hakika muuguzi atatoka tena, aseme jamani ninyi, njooni tu. Begi nilikuwa nimeshalifunga zipu, nimelipakata, ili akituita tusimcheleweshe. Tulikaa mpaka mfagiaji akatuambia tuinue miguu apige deki. Hata hapo niliinua miguu nikaendelea kutazama ule mlango.

Wiki ile tuliishi kwenye kile chumba cha wageni. Asubuhi moja baba yako aliamka akaniuliza kwa nini sijafungua pazia. Nilikuwa nimelifungua. Nilikwenda dirishani, nikalifunga, nikalifungua tena kwa kelele ili alisikie. Nikamwambia leo kuna mawingu.

Siku yetu ilipofika wakamfanyia. Walipotoa bandeji hakuona. Daktari alisema presha ilikuwa imeshakula sana, kwamba tumechelewa. Sikumuuliza kama wiki iliyopita tungekuwa tumewahi. Swali lilikuwa mdomoni nikalimeza, kwa sababu niliogopa atajibu ndiyo. Kwa hiyo mpaka leo sijui. Na nimeitumia hiyo sijui vibaya. Siku nikiwa na nguvu ninajiambia ingekuwa vilevile tu, jicho lilikuwa limeshakwenda. Siku nyingine namwona anapapasa ukuta kutafuta kiti ambacho mimi mwenyewe nimekisogeza bila kumwambia, na ninajua ninachokijua.

Tulivyorudi Kaniha ulitukimbilia njiani. Ulikuwa umeng'oka jino. Ukamwachamia baba yako, ukasema, "Baba, angalia." Aliinama, akakupapasa kichwa, akasema, "Kumbe umekuwa mrefu." Wewe ukasema hapana, huku, huku. Akaingiza kidole kinywani mwako mpaka akalipata pengo. Uliacha kucheka, ukanitazama mimi. Mtoto wa miaka tisa. Ulinitazama hivyo, nami nikakuambia Mungu ndiye aliyepanga. Nilimsingizia Mungu mbele ya mtoto.

Nilidhani huo ndio mwisho wa gharama. Lakini ulikuwa shule ya bweni Biharamulo, kidato cha pili, malaria ikakupanda kichwani. Walipotupigia simu ulikuwa umeshaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Nilipofika, matroni alikuwa analia. Aliniambia, "Mama, nilimuuliza jana yake, nikamwambia mbona unatetemeka, unaumwa? Akasema hapana matroni, niko salama." Ulipopata nafuu nikakugombeza. Nilikugombeza ukiwa bado na sindano ya maji mkononi. Nikakuuliza kwa nini hukusema. Ukanijibu kwa sauti ndogo, "Nilisubiri aniulize tena."

Nilitoka nje ya wodi nikashika nguzo. Nililia pale mpaka mlinzi akaniletea kiti. Nikamwambia asijisumbue, nimezoea kusimama. Sasa niambie, mtu kama mimi unamfanya nini? Machozi usoni, nguzo mkononi, na bado nakataa kiti. Akakirudisha.

Tangu siku hiyo nilipaswa kukuketisha nikakueleza. Nilikuwa na miaka mingi ya kukuketisha. Niliahirisha kwa sababu ya baba yako, na kwa sababu yangu. Niliogopa ukijua utanitazama tena kama siku ile ya pengo.

Sikuambii uache adabu. Ukirudi huku na ukadaka muhogo wa watu, sikio lako bado ninalo. Lakini yule muuguzi hakunikosea, na Mama Njeri leo hakunikosea. Nimewaza sana juu yao. Waliniamini tu. Kule mtu akisema hapana wanachukua kwamba anamaanisha hapana, na hiyo nayo ni heshima, pengine ni kubwa kuliko yetu ya kuvutana mikono. Wakikuuliza umekula, na hujala, sema hujala. Wakikuuliza umeelewa, darasani au karakana, na hujaelewa, sema. Vyuma vya malori havimsihi mtu. Ukiumwa sema unaumwa, kwa mtu wa kwanza atakayeuliza, na kama hakuna anayeuliza mwambie mtu yeyote. Utaona uso unawaka moto. Ule moto hauui. Mimi ninakuambia kinachoua macho na kilichokaribia kukuua wewe.

Nasikia umezima pasi. Unaimba wimbo wa kwaya, sauti yako ya pili ileile isiyopanda. Una furaha. Unafikiri kuna mtu anakungoja.

Ngoja niinuke.

Nimerudi. Naandika haraka, herufi utazisamehe.

Nimempigia. Alipokea haraka, kuna televisheni inapiga kelele nyuma yake. Nikamwambia, "Mama Njeri, ni mimi tena, mama yake Renatus. Ile ya mchana nilikosea. Naomba uje umpokee mwanangu."

Akasema, "Lakini si ulisema atajileta mwenyewe?"

"Nilisema. Huku kwetu tunakataa kwanza. Nilikuwa nataka uje."

Akapunguza sauti ya televisheni. Nilitaka kusema lakini kama una kazi basi. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno. Nikayauma. Akasema, "Kumbe. Mbona hukusema, mama? Mimi nilifikiria mna mtu wenu huku. Nitakuwa hapo kabla basi lifike. Atakuwa amevaa nini?" Nikamwambia shati jeupe, atalijua, hakuna shati lililopigwa pasi kama hilo Afrika Mashariki yote. Alicheka. Akaniuliza kama unakula omena, dagaa wa kwao. Nikamwambia hujawahi kuionja lakini ukikataa asikuamini mara ya kwanza, akuulize tena, angalau mwezi wa kwanza, mpaka uzoee. Akasema sawa, nitamuuliza mara mbili.

Yote yamechukua muda wa kuchemsha chai. Mchana kutwa nimekaa juu ya jambo la kuchemsha chai.

Nilipokata simu nikaona baba yako ameacha kupukuchua. Ameshika gunzi mkononi, uso ameuelekeza kwangu. Nikajua amesikia yote, na ya unga ameshajua si ya unga. Nikasubiri anicheke.

Akasema, "Siku ile hospitali, na mimi nilitaka kuingia."

Mwanangu, nilimsogelea. Nikamwambia, "Mbona uliniambia nimejibu vizuri?"

"Ulikuwa umeshajibu," akasema. Kisha akainama akatafuta hindi jingine.

Hakuna hasira katika sauti yake, na ningependa ingekuwepo, ningejua pa kuishika. Miaka yote hii nimejifariji kwa yale maneno yake ya kwenye benchi. Nilikuwa najiambia tulikuwa wawili, tuliamua wote. Kumbe sikumuuliza. Jicho lilikuwa lake, na muuguzi alituuliza wote wawili, na mimi nikawahi kujibu kama mwenye jicho. Nilikaa kumsubiri mgeni anisihi na mume wangu yuko hapo pembeni anasubiri nimuulize. Nimemshika mkono, nimemuuliza kama atanisamehe. Amesema, "Haya, sasa umeuliza." Tumekaa hivyo mpaka gunzi likamdondoka.

Kwa hiyo barua hii imebadilika. Nilikuwa nimepanga nikuwekee katikati ya sweta, uisome ukiwa umeshapita Geita na mimi siko mbele yako. Huo nao ulikuwa ujanja wa kukwepa uso wako. Nitakupa sasa hivi, ukiwa unakunja nguo. Isome leo.

Maana kuna jibu jingine nimekujibia. Jumapili baada ya misa, shangazi yako aliniuliza kama nitakufikisha Mwanza. Nikamwambia, aa, ni mwanamume huyo, nitamsindikiza stendi tu, inamtosha. Wewe ulikuwa umesimama hapo hapo. Ulitazama viatu vyako, ukasema, "Ndiyo shangazi, inatosha." Niliridhika sana na jibu lako. Leo nimelisikia upya, na limefanana na la baba yako.

Nimeshazungumza na shangazi yako kwa simu, sasa hivi. Atalala hapa, atakaa na baba mpaka nirudi. Kesho asubuhi, kabla hatujatoka, nitakuuliza kama unataka nifike nawe Mwanza, nikae nawe mpaka upande basi la Nairobi. Ukisema ndiyo nitakwenda, ukisema hapana nitakuamini na nitabaki stendi kukupungia mkono. Sitakusihi. Nitakuuliza mara moja tu, Renatus, na ninakuomba usinijibu kwa adabu.

Mama yako